Polishi na Kinga za Gari Jeupe

Weupe wa rangi ya gari hutokana na unga wa titani dioksidi. Chembe za unga huo ni ndogo kiasi kwamba mamia yake huenea katika upana wa unywele mmoja, na kila chembe huupindisha mwanga na kuutawanya kila upande. Jua linapoipiga boneti nyeupe, sehemu kubwa ya mwanga wake hurudi, lakini hurudi ukiwa umetawanyika. Boneti nyeusi hufanya kinyume. Humeza mwanga karibu wote, na kidogo kinachorudi ni kile kilichodunda kwenye uso wa juu kabisa. Ndiyo maana mtu akiinamia gari jeusi lililopigwa polishi vizuri huiona sura yake, na akiinamia jeupe huona weupe.

Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza uchaguzi wa kila chupa na kila kopo. Mikwaruzo myembamba ya mviringo, ile inayoachwa na vitambaa vyenye mchanga, huliharibia sura gari jeusi hata likitazamwa kutoka ng'ambo ya barabara. Kwenye gari jeupe mikwaruzo hiyohiyo huzamishwa na mwanga uliotawanyika, na mara nyingi mwenye gari haijui kama ipo. Doa, kwa upande wake, halina pa kujificha. Tone la lami, nukta ya kutu au mchirizi wa maji machafu chini ya kioo cha pembeni huonekana mara moja. Gari jeupe linafanana na kanzu: anayeitazama haulizi kama inameta, anaangalia kama ni safi. Kwa hiyo mnunuzi anayechagua nta kwa sababu kopo lake linaahidi kina cha mng'ao analipia kitu ambacho rangi nyeupe haiwezi kukionyesha. Fedha hizo zingefanya kazi zaidi kwenye dawa za kusafisha, kwenye polishi moja ya kiasi, na kwenye kinga iliyochaguliwa kwa uwezo wake wa kuzuia uchafu usishike.

Kwa zaidi ya miaka 10 sasa nyeupe imeongoza duniani kati ya rangi za magari mapya. Barabara za Afrika Mashariki, ambako magari mengi huja yakiwa yametumika Japani, zimejaa weupe: Probox ya mizigo, HiAce ya abiria, Land Cruiser ya serikali au ya shirika la misaada. Lakini magari hayo hayakupakwa rangi ya namna moja, na kosa kubwa zaidi katika kazi hii hufanyika kabla kopo halijafunguliwa, pale ambapo fundi hajui ameshika rangi gani.

Namna ya kwanza ni nyeupe tupu isiyo na klia. Rangi na kinga yake ni tabaka moja, na tabaka hilo ndilo linaloguswa na jua, mvua na kitambaa. Magari mengi ya kazi, hasa ya miaka ya nyuma, yalipakwa hivyo. Namna ya pili ni nyeupe tupu iliyofunikwa na klia, yaani tabaka la juu linalopitisha mwanga. Namna ya tatu ni nyeupe ya lulu. Hiyo ina msingi mweupe, kisha tabaka jembamba lenye vipande vidogo vya madini ya maika, kisha klia juu ya vyote. Vipande vya maika ndivyo vinavyolifanya gari libadilike kidogo rangi jua linapohama, mara weupe wa maziwa, mara kijivu hafifu chenye joto.

Namba ya rangi husaidia kuanza. Iko kwenye kibati kilichobandikwa ndani ya chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango. Kwa Toyota hutafutwa baada ya herufi C/TR. Namba 040 ni nyeupe tupu, 062 na 070 ni za lulu. Kwa nyeupe zao tupu Nissan hutumia QM1 na Honda NH578. Hata hivyo namba haimalizi swali, kwa kuwa rangi yenye namba moja inaweza kuwa ilipigwa klia katika modeli moja na kuachwa bila klia katika nyingine, na gari la miaka 15 huenda limepita kwa fundi rangi mara mbili au tatu. Jaribio la kitambaa ndilo linalotoa jibu. Polishi kidogo husuguliwa kwa mkono mahali pasipoonekana sana, kama kizingiti cha mlango au chini ya boneti. Kitambaa kikitoka na weupe, rangi haina klia. Hapa gari jeupe lina mtego wake: polishi nyingi zenyewe ni nyeupe, na vitambaa vingi ni vyeupe, hivyo jaribio halisemi lolote. Kitambaa kiwe cheusi au cha bluu iliyokolea, na polishi iwe ya kijivu au ya rangi nyingine yoyote mbali na nyeupe.

Kipimo cha pili ni unene. Rangi ya kiwandani, kuanzia praima hadi juu, kwa kawaida huwa na mikroni 100 hadi 150, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Klia peke yake ni mikroni 35 hadi 50 hivi, yaani pungufu ya unene wa unywele. Kipima unene cha mkononi kikionyesha 120 kwenye paa na 280 kwenye mlango, mlango huo umepakwa upya. Kikipanda kupita 1,000, chini yake pana puti. Taarifa hiyo ina thamani kubwa kwa gari jeupe, kwa sababu klia ya bei nafuu iliyopigwa mtaani hugeuka manjano kabla ya klia ya kiwandani, na mlango wa manjano katikati ya bodi nyeupe hausafishiki kwa nta yoyote. Ikiwa umanjano uko juu tu, polishi itauondoa. Ikiwa umeingia katika klia nzima, dawa ni kupaka upya.

Nyeupe isiyo na klia ina ugonjwa wake wa pekee, nao ni kutoa unga. Mtu hupitisha mkono kwenye paa na kiganja kikatoka na chaki. Kiini chake ni titani dioksidi yenyewe. Unga huo humeza miale ya urujuanimno na hivyo kuikinga rangi, lakini katika kufanya hivyo, pakiwepo unyevu, uso wa chembe zake huzalisha kemikali kali zinazoivunja gundi inayozishika. Viwanda huzifunika chembe hizo kwa silika na alumina ili kupunguza madhara, na rangi za leo hudumu kuliko za zamani. Bado, karibu na ikweta, ambako kipimo cha urujuanimno mchana mara nyingi hupita 11, paa lisilo na kinga yoyote huanza kufifia mapema. Unga huo huondolewa kwa polishi laini, na hapa polishi hufanya kazi ya kuonekana hasa: paa lililokuwa la kijivu hurudi jeupe mbele ya macho.

Rangi inayobanduka vipande vizima ni jambo jingine. Nchini Marekani Toyota iliweka mpango maalumu wa kuwahudumia wenye baadhi ya magari ya 040 na 070 yaliyobanduka hivyo, tatizo lililotokana na jua kudhoofisha mshikamano wa tabaka za rangi. Polishi haiwezi kuigandisha tena rangi iliyokwisha kuachia, na mashine ya kupolishia ikipita juu ya ukingo wa rangi inayobanduka huzidi kuing'oa.

Kabla ya polishi huja usafi, na katika gari jeupe hatua hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Uchafu unaoling'ang'ania gari haulingani. Kuna vumbi jekundu la barabara za bara, lenye oksidi za chuma na chembe ngumu za mchanga. Likifutwa kavu hukwaruza, na likipata maji hutia madoa kwenye plastiki na kwenye maungio. Kuna lami, inayorushwa na tairi hadi kwenye madigadi na sehemu ya chini ya milango. Kuna utomvu, na yeyote aliyewahi kuegesha chini ya mwembe anaufahamu. Kuna kinyesi cha ndege, chenye asidi. Klia iliyopashwa moto na jua hulainika, hukishika, na inapopoa hubaki na alama iliyochimbika. Katika Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa mhusika mkuu ni kunguru wa India, ndege aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na kuenea pwani yote. Kinyesi chake hakisubiri siku ya kuosha gari. Hulowanishwa kwa maji mengi, huachwa dakika chache, kisha huinuliwa kwa kitambaa laini bila kusuguliwa.

Adui asiyetambulika kwa urahisi ni chuma. Kila breki inapokamatwa, diski na pedi huachia vumbi la chuma lenye moto. Chembe hizo hujichoma kwenye rangi, kisha hupata unyevu na kuota kutu. Kwenye gari jeusi hazionekani. Kwenye jeupe hutokea nukta za kahawia zilizotapakaa nyuma ya magurudumu na kwenye mlango wa nyuma, na wenye magari wengi hudhani ni rangi inayooza kutoka ndani. Si hivyo. Ziko juu, na kuna dawa maalumu ya kuziyeyusha, ambayo kiambato chake kikuu ni chumvi ya asidi ya thioglikoliki. Dawa hiyo hunyunyizwa kwenye gari lililooshwa na lililo kivulini. Ikikutana na chuma hugeuka zambarau na kuchirizika. Harufu yake ni mbaya, ya mayai yaliyooza, na haifai kuachwa ikauke. Kati ya vyote vinavyouzwa kwa ajili ya gari jeupe, hii ndiyo chupa ya kwanza kununuliwa, kabla ya nta na kabla ya polishi. Gari ambalo halijawahi kupewa dawa hii hubadilika zaidi kwa dakika 10 kuliko litakavyobadilika kwa saa nzima ya kupakwa nta.

Lami huondolewa kwa kiyeyushi chake. Gereji nyingi hutumia mafuta ya taa, nayo huyeyusha kweli, mradi sehemu hiyo ioshwe kwa sabuni mara moja ili utando wa mafuta usibaki kushika vumbi. Petroli haifai: huwaka kwa urahisi, na hudhuru mipira ya milango. Mafuta ya breki yasikaribie rangi kabisa, kwa maana huila. Dawa za kung'arishia nguo nyeupe, ambazo baadhi ya watu hushawishika kuzijaribu kwa sababu gari nalo ni jeupe, hazina kazi kwenye rangi ya gari; huharibu mpira na kuharakisha kutu pale chuma kilipo wazi. Sabuni ya unga ya kufulia, inayotumika katika sehemu nyingi za kuoshea magari, inakata mafuta vizuri, lakini inakata na nta pia. Anayeosha kwa sabuni hiyo kila Jumamosi asishangae kinga yake ikiisha kabla ya mwezi. Shampuu ya gari isiyo na asidi wala magadi hugharimu zaidi na hutumika kidogo kidogo.

Mwisho wa usafi ni udongo wa gari. Ni donge la polima lililochanganywa na chembe laini za kusugua, lililobuniwa Japani katika miaka ya 1980 na kuenea duniani kote. Huteleza juu ya rangi iliyolowanishwa na kunasa kila kilichochomoza: masalia ya chuma, vumbi la saruji, marashamarasha ya rangi kutoka gereji ya jirani. Kipimo cha haja ya udongo ni vidole. Mkono ukivikwa mfuko mwepesi wa plastiki na kupitishwa kwenye boneti iliyooshwa, ukali wowote husikika wazi. Donge lililoanguka chini halirudishwi kwenye gari.

Ndipo polishi. Polishi ya kweli ni chembe za kusugua, mara nyingi za alumina, ndani ya mafuta na viyeyushi. Haiongezi chochote; inapunguza. Huondoa utando wa juu wa rangi hadi mkwaruzo ufikiwe chini yake. Kompaundi nzito huweza kuondoa mikroni kadhaa kwa mara moja, polishi ya kumalizia mikroni moja au pungufu. Klia ya mikroni 40 inaonekana nyingi hadi ikumbukwe kwamba sehemu yake ya juu ndiyo yenye kinga zaidi dhidi ya jua, na kwamba haitarudi. Gari linalopigwa kompaundi kila mwaka kwa ajili ya kupendeza siku ya Idi au Krismasi linafupishiwa maisha ya rangi yake.

Kwa gari jeusi kazi hufanyika kwa hatua mbili au tatu, kuanzia kompaundi hadi polishi laini kabisa, kwa kuwa ukungu unaoachwa na hatua ya kwanza huonekana. Kwa gari jeupe hatua moja inatosha karibu kila mara. Polishi ya kati, mashine ya mzunguko wa mtetemo ambayo haichomi rangi kwa urahisi, na sifongo ya ugumu wa wastani: hivyo vitatu vinaondoa umanjano wa juu, alama za maji na sehemu kubwa ya mikwaruzo. Ukungu hafifu unaobaki hauonekani kwenye weupe, na hatua ya pili itakula klia kwa faida ambayo hakuna jicho litakaloigundua. Fundi anayemtoza mwenye gari jeupe gharama ya hatua tatu anapaswa kumwonyesha, chini ya taa, ni kitu gani hatua ya tatu imeongeza.

Kuona ndiyo shida ya kazi hii. Weupe humrudishia fundi mwanga mwingi kiasi cha kumtia kiwi, na jua la saa sita mchana halimsaidii. Taa ndogo yenye mwale mkali, ikishikwa kwa ulalo kwenye kivuli, hufichua mikwaruzo pembezoni mwa mwale wake. Baada ya kila sehemu, mafuta ya polishi hufutwa kwa spiriti iliyozimuliwa kwa maji, kwa sababu mafuta hayo huziba mikwaruzo kwa muda na kutoa picha ya uongo.

Nyeupe isiyo na klia hutaka mkono mwepesi zaidi. Kila pasi ya mashine huchukua rangi yenyewe, sifongo hujaa weupe baada ya dakika chache, na ikiachwa hivyo huanza kukwaruza. Husafishwa au kubadilishwa mara kwa mara. Polishi yenye mafuta mengi na chembe laini inafaa kuliko ya kukata kwa kasi, na kwa paa lililozeeka kazi ya mkono, ingawa ni ya kuchosha, ni salama kuliko mashine. Nyeupe ya lulu nayo hatari yake iko kwenye kingo: mikunjo ya milango, ncha za bampa, mstari wa boneti. Hapo klia ni nyembamba. Ikitobolewa na mashine ikafika kwenye tabaka la maika, doa linalotokea halirekebishiki kwa brashi, kwa kuwa lulu inahitaji tabaka tatu, na mara nyingi kipande jirani nacho hulazimika kupakwa ili rangi zioane. Kingo hizo hubandikwa selotepu ya karatasi kabla mashine haijawashwa.

Katika rafu hiyohiyo ya polishi hukaa bidhaa mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Moja ni kijazio cha mng'ao, krimu yenye mafuta na unga laini inayojaza mikwaruzo bila kuiondoa. Wauzaji wa magari huipenda kwa sababu huonyesha matokeo kwa siku chache. Kwa gari jeupe haina maana: inaficha kile ambacho weupe tayari unakificha. Nyingine ni polishi ya kusafisha, ambayo huchanganya viyeyushi, chembe laini sana na kiasi cha polima. Hii inafaa mno. Kwa gari lililo katika hali ya wastani, linaloendeshwa kila siku, polishi ya kusafisha ikipakwa kwa mkono mara mbili kwa mwaka hufanya karibu yote yanayohitajika, na haili rangi kwa kiasi cha kutisha.

Viwanda vinaijua tofauti hii ya rangi nyepesi na nzito. Meguiar's, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1901, huuza White Wax na Black Wax. Soft99 ya Osaka huuza Fusso Coat kwa makopo mawili, moja la rangi nyepesi na moja la rangi nzito. Mnunuzi asidhani kwamba nta ya gari jeupe ina rangi nyeupe inayopaka weupe. Kilichomo ni kisafishaji laini kinachotoa uchafu wakati kinga inapakwa, na hicho hasa ndicho gari jeupe linachohitaji.

Kinga za juu ni za familia tatu. Ya zamani ni nta, na maarufu kati ya nta ni ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili, *Copernicia prunifera*. Ni ngumu kuliko nta ya nyuki na huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi. Sifa yake ni kuongeza joto na kina kwenye rangi nyekundu, nyeusi na bluu iliyokolea. Kwenye nyeupe sifa hiyo hupotea. Umanjano wa nta yenyewe hauonekani kwa kuwa utando wake ni mwembamba mno, ila mabaki yake kwenye maungio na pembeni mwa nembo hugeuka mistari michafu. Chini ya jua la kitropiki na mvua za masika, nta hudumu wiki chache tu, nyingi zikiwa sita au nane. Anayependa kupaka nta kwa ajili ya kuligusa na kulitunza gari lake hakatazwi. Anayetafuta kinga pekee ana chaguo bora.

Chaguo hilo ni silanti, kinga ya polima iliyotengenezwa kiwandani. Haina rangi, ni laini, uchafu haushiki juu yake kwa urahisi, na hudumu miezi minne hadi sita ikipakwa kwenye rangi iliyosafishwa kweli. Mng'ao wake ni wa baridi, wa kioo, na wapenzi wa magari meusi huulaumu kwa hilo; kwenye nyeupe ubaridi huo ndio unaoufanya weupe uonekane mkali. Kwa uwiano wa bei, kazi na muda, silanti ndiyo kinga ya kupendekezwa kwa magari mengi meupe.

Familia ya tatu ni seramiki. Ni kimiminika chenye misombo ya silika ambacho hukauka na kujifunga kwenye klia kama utando mgumu wa mikroni moja hivi. Hudumu mwaka hadi miaka kadhaa, hustahimili sabuni kali na kinyesi cha ndege kuliko nta, na hufanya kuosha kuwe kwepesi. Tangazo la ugumu wa 9H linaloonekana kwenye chupa nyingi hutokana na jaribio la penseli, ambalo hupima utando kwa penseli za ugumu tofauti. Halimaanishi kwamba mawe na mchanga havitaukwaruza. Utando wa mikroni moja hauzuii jiwe. Kinachozuia jiwe ni filamu ya polima inayobandikwa, yenye unene wa mikroni 150 au zaidi, na hata hiyo kwa gari jeupe ichaguliwe yenye dhamana ya kutogeuka manjano, kwa maana filamu duni huacha mstari wa wazi pale inapoishia.

Udhaifu wa seramiki ni maji magumu. Maji hujikusanya kuwa matone ya mviringo, na matone hayo yakikaukia juani huacha duara za chokaa au chumvi. Dodoma, ambako maji ya visima yana madini mengi, na pwani, ambako visima vingi vina chumvi, kuosha gari na kuliacha lijikaushe ni kujitafutia madoa. Weupe huficha duara hizo zikiwa mpya. Baada ya wiki kadhaa hushika vumbi na kuwa za kijivu. Siki iliyozimuliwa kwa maji huziondoa zikiwa bado changa, kisha sehemu hiyo husuuzwa. Kwa gari linalooshwa kwa maji ya kisima na kulala nje, silanti inayopakwa upya kila baada ya miezi minne ina matatizo machache kuliko seramiki ya gharama kubwa. Kwa gari linalopata maji laini, linalokaushwa kwa kitambaa na kulala chini ya paa, seramiki hulipa gharama yake.

Upakaji wa kinga yoyote kwenye gari jeupe una ugumu mmoja: haionekani ilipopakwa na ilipokosa. Utando mweupe juu ya rangi nyeupe hupotea kabisa. Kazi igawanywe kwa mpangilio usiobadilika, nusu ya boneti, nusu ya pili, madigadi, mlango, na kila kipande kitazamwe kwa ulalo kabla ya kuhamia kingine. Ukavu wa nta hupimwa kwa kidole: kikipita na kuacha njia safi, iko tayari kufutwa. Kwa seramiki makosa ni ghali zaidi, maana matone yaliyosahaulika hukauka kuwa mabaka magumu yanayotoka kwa polishi tu. Joto la pwani huharakisha ukaukaji, hivyo eneo la kupaka liwe dogo, la mraba wa nusu mita au chini yake, asubuhi mapema, bodi ikiwa imepoa. Gari lisipate maji kwa siku nzima baada ya hapo, wala shampuu kwa wiki moja hivi.

Plastiki nyeusi za pembeni, vitasa visivyopakwa rangi na mipira ya madirisha huzibwa kwa selotepu kabla ya kazi. Nta ikizigusa hukauka kuwa doa jeupe, na kwenye gari jeupe lenye mapambo meusi doa hilo huonekana kuliko kitu kingine chochote. Likishatokea, hulowanishwa kwa nta ileile ili liyeyuke, kisha hutolewa kwa mswaki laini. Gari linalotarajiwa kwenda kwa fundi rangi karibuni lisipakwe bidhaa yenye silikoni: rangi mpya ikikutana na silikoni hujitenga na kuacha vishimo vya duara, ambavyo mafundi huviita macho ya samaki.

Baada ya kinga kupakwa, kinachoamua umri wake ni uoshaji. Vumbi hutangulizwa kuondoka kwa maji yanayomiminika, kisha sabuni, kwa ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia glovu. Kitambaa cha maikrofaiba hutumika kukaushia. Kitambaa kikavu cha asubuhi, kile ambacho madereva wengi hukipitisha juu ya vumbi la usiku kabla ya safari, hukwaruza kuliko barabara. Kwenye gari jeupe mikwaruzo yake haionekani kwa miaka miwili mitatu, hadi klia inapofifia yote kwa pamoja na weupe kugeuka wa chokaa.

Wakati wa kupaka upya hautambuliwi kwa matone ya maji peke yake, kwa sababu bidhaa nyingi huacha kutoa matone wakati kinga yake ingali ipo. Kwenye nyeupe kuna dalili bora zaidi: michirizi ya kijivu inayoshuka kutoka kwenye vioo vya pembeni, vitasa na kona za kioo cha nyuma. Ikiwa inatoka kwa maji na shampuu, kinga bado inafanya kazi. Ikibaki baada ya kuoshwa, na kutoka tu kwa polishi ya kusafisha, kinga imekwisha. Sehemu za mlalo, yaani paa, boneti na mgongo wa buti, hupakwa kwanza kwa kuwa ndizo zinazopigwa na jua zaidi, na milango hufuata.